Haki Sawa: Walichopata na Walicholipa Mama Zetu



Wapendwa waamini, katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara, wakati mwingine kwa utani na wakati mwingine kwa uchungu: je, haya mambo ya haki sawa yametujenga au yametubomoa? Akina baba huuliza wakimaanisha kwamba wake zao siku hizi hawasikii. Akina mama hujibu kwamba siku hizi wao ndio wanaolipa ada, kodi ya nyumba na hata luku. Pande zote mbili husema kana kwamba jambo lenyewe lilianza jana na likaletwa na runinga. Nimeona vyema wiki hii nilieleze kwa njia ya historia, na hasa historia ya nchi yetu, maana ndani yake mna majina, tarehe na hukumu za mahakama ambazo wengi wetu hatukuzisikia shuleni, wala hatukuzisikia kanisani.

Huko Ulaya na Marekani, kile kinachoitwa ufeministi kina ukoo wake. Mwaka 1963 mwandishi wa Marekani Betty Friedan alichapisha kitabu kuhusu huzuni ya mama wa nyumbani aliyesoma, mwenye jokofu na mashine ya kufulia, anayeshinda peke yake katika kitongoji kizuri cha mji akijiuliza kama maisha ndiyo hayo tu. Simdharau mama huyo; upweke ni mzigo hata penye jokofu. Lakini hapa Ugogo hakuna mama aliyewahi kuwa wa nyumbani kwa maana ile. Katika kaya ya Kigogo ya zamani kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya tembe, shamba lake la uwele au mtama, na ghala lake. Ngoma ya muheme, hadi leo, hupigwa na wanawake, na yeyote aliyeisikia siku ya sikukuu anajua kwamba wapigaji wake si watu wanaoomba ruhusa ya kusikika. Kazi hakuikosa mwanamke wa huku, na heshima alikuwa nayo. Alichokosa ni kauli juu ya mali: ng'ombe, ardhi, na urithi wa mumewe au wa baba yake. Basi tusichanganye mambo. Mama wa Marekani alidai kutoka nyumbani aende kazini. Mama yetu alikuwa kazini tangu alfajiri. Alidai kutambuliwa kwamba alichofanya kilikuwa kazi.

Hilo lilionwa mapema na Mtanzania mmoja ambaye sisi Wakatoliki tunamfahamu vizuri. Julius Nyerere, akiwa bado mwanafunzi wa Makerere mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill kuyapima maisha ya wanawake wa kabila lake la Wazanaki. Insha hiyo ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa, ikatolewa mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Na mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, alikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wengi wako likizo nusu ya maisha yao. Nimewahi kuwasomea wanaume maneno hayo katika semina, nikasikia kikohozi tu.

Lakini serikali ile ile iliyosema hivyo ilikuwa na mikono miwili. Mwaka 1963, katika juhudi za kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, mila hizo ziliandikwa na kutangazwa kuwa sheria. Ndani ya tamko lile la urithi mtoto wa kiume wa kwanza amewekwa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti, hata wawe wakubwa kiasi gani, daraja la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Zamani mila ilikuwa midomoni mwa wazee, na wazee wenye hekima waliweza kuipinda kwa huruma. Ilipoandikwa, ikakauka.

Mkono wa pili ulikuja mwaka 1971, Bunge lilipopitisha Sheria ya Ndoa. Sisi mapadre tunaijua sheria hii kwa sababu ndoa tunazozifungisha huandikishwa kwa mujibu wake. Ilikuwa sheria ya ujasiri kwa wakati wake katika Afrika. Ilisema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Ilisema mwanamke aliyeolewa ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mwanamume. Ilisema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Ilidai wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Na ilisema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama igawe mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, wakati kijana wa kiume alitakiwa afikishe 18. Kasoro hiyo ilidumu miaka 45 kabla ya kushtakiwa mahakamani na binti wa Dodoma hii hii, Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ilimpa haki Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ule ukapita bila marekebisho.

Sasa naomba tukae kidogo na kesi moja, kwa sababu katika kesi hiyo naiona historia yote ninayotaka kuieleza.

Bi Hawa Mohamed na Bwana Ally Sefu walioana mwaka 1971, mwaka ule ule wa sheria, wakaachana mwaka 1980. Bi Hawa akaenda mahakamani Dar es Salaam kuomba sehemu ya mali ya ndoa. Hakuwa na mshahara. Hakuwa na stakabadhi ya saruji wala ya bati. Alikuwa amepika, amefua, ametunza nyumba, basi. Mahakama ya mwanzo ilimwambia kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha ya mume. Tulitafakari neno hilo, wapendwa: mke tu. Mahakimu hawakulitunga wenyewe. Lilikuwa midomoni mwa watu, na bado limo midomoni mwetu. Muulize mama yeyote wa hapa anafanya kazi gani, kama haajiriwi atakujibu, “Niko nyumbani tu, Baba.” Hilo neno “tu” limebeba miaka mingi.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walitoa uamuzi ambao wanasheria wa nchi hii wanausoma hadi leo. Walisema kwamba kazi ya mke nyumbani, yaani kutunza nyumba na familia, ni mchango halisi katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sheria ilisema “juhudi za pamoja”, na majaji walisema juhudi hizo si za fedha peke yake. Mume anayekwenda kazini na kurudi akakuta chakula, nguo safi na mtoto mzima amewezeshwa na mtu fulani, na mtu huyo ana jina.

Mnafurahi? Ngojeni. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Majaji waliona kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi kwa manufaa ya familia, na kwamba yeye hakuzitumia kama ilivyokusudiwa. Hivyo wakahesabu kwamba alikwisha kupata fungu lake. Maelfu ya wanawake wamegawiwa nyumba, mashamba na viwanja kwa nguvu ya kesi yenye jina lake, naye akaondoka mikono mitupu. Sina ugomvi na hesabu ya majaji. Walikuwa na ushahidi mbele yao. Ila nikisikia watu wakisema haki za wanawake zililetwa na wanawake wenye majina makubwa waliopanda ndege kwenda mikutanoni, namkumbuka huyu aliyekwenda na kurudi mahakamani.

Mwingine ni Holaria Pastory, mama wa Kihaya, ambaye baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee na hana wa kumtunza, aliliuza. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri kwamba kwa sheria ya mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Tamko la 1963 lilikuwa upande wake. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, inaizidi mila, na kwamba mwanamke anaweza kuuza sawa na mwanamume. Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Musa akalipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti hao wananena haki. Mkisoma hadi sura ya 36 mtaona wazee wa ukoo walirudi kuweka masharti juu ya nani wawaoe. Wazee wa ukoo ni wale wale kila mahali.

Hukumu ya Mwanza haikumaliza mambo. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu wakiomba tamko lenyewe la 1963 lifutwe. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba lina ubaguzi, lakini ikakataa kulifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa hukumu ya siku moja. Walipeleka malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki. Kilichosogea zaidi ni sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilitamka kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, zikaweka akina mama wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, na zikazuia nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Nitarudi kwenye jambo hili la ardhi.

Mwaka 1995 jina la Tanzania lilitajwa duniani kote. Mkutano wa Nne wa Umoja wa Mataifa juu ya Wanawake ulifanyika Beijing kuanzia tarehe 4 hadi 15 Septemba, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, Mtanzania, mzaliwa wa Ukerewe, mwalimu kwa taaluma, Mkatoliki aliyelelewa na masista wa Maryknoll katika shule ya Marian College, Morogoro. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba Kanisa lilisimama pembeni likilaani. Katika nchi hii, mahali pengi, shule ya kwanza ya wasichana ilikuwa ya masista. Hapa jimboni kwetu Masista wa Mtakatifu Gemma Galgani wamefundisha na kutibu, na binti wa Kigogo aliyemwona mwanamke mwenzake mweusi akiendesha gari la zahanati au akisimamia shule alijifunza jambo ambalo hakuna semina ingemfundisha. Na WAWATA ilianza mwaka 1972, miaka 23 kabla ya Beijing, ikasherehekea jubilei yake ya miaka 50 mwaka 2022.

Miezi miwili kabla ya mkutano, tarehe 29 Juni 1995, Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wanawake wote wa dunia barua. Aliwashukuru: mama, mke, binti, dada, mfanyakazi, mtawa. Akasema pia kwamba historia imewanyima wanawake heshima yao, na kwamba kama wana wa Kanisa, si wachache, wana lawama katika hilo, basi anasikitika. Kisha akaituma Beijing kamati ya Vatikano iliyoongozwa, kwa mara ya kwanza, na mwanamke, mwanasheria Mary Ann Glendon wa Marekani. Vatikano iliunga mkono sehemu kubwa ya hati ya mkutano: elimu, umaskini, ukatili, kazi. Ilikataa sehemu zilizohusu afya ya uzazi pale lugha ilipoelekea kuufungulia mlango utoaji mimba. Mimi nasimama hapo hapo. Siwezi kuihesabu kuwa haki ya mama ile inayomwondoa mtoto wake. Lakini nawaomba ndugu zangu wanaopenda kulitaja jambo hilo moja ili walikatae lote: someni hati nzima. Mama wa Chamwino anayetembea na ndoo kutafuta maji alikuwa ndani ya hati ile.

Na matunda yapo, yanaonekana kwa macho. Takwimu za taifa za afya za mwaka 2015 na 2016 zilihesabu vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Zile za mwaka 2022 zilihesabu 104. Sisi tunaozika tunajua namba hiyo inamaanisha nini. Ukeketaji, ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya kuwa jinai kwa wasichana walio chini ya miaka 18, ulikuwa umewapata wanawake 18 katika kila 100 nchini mwaka 1996, na 8 katika kila 100 mwaka 2022. Hapa mkoani kwetu habari ni ngumu zaidi, nami sitaificha: uchunguzi wa 2015 na 2016 uliwakuta waliokeketwa Dodoma kuwa takribani 47 kwa kila 100, mkoa wa pili baada ya Manyara. Huku kwetu desturi hiyo ilipata kichaka cha kujifichia, ugonjwa wa lawalawa. Lawalawa ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo na sehemu za siri, yanayoletwa hasa na uhaba wa maji na usafi, yanayotibika zahanati. Wengi waliaminishwa kwamba dawa yake ni kumkata mtoto. Serikali ilipokataza sherehe za jando la wasichana, kisu kikahamia kwa watoto wachanga, kimya kimya, bila ngoma. Wanawake waliokwenda nyumba kwa nyumba kulisema hili walitukanwa, na wengi wao hawakuwa wasomi.

Tangu Machi 2021 nchi imeongozwa na mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan. Bungeni, hapa hapa Dodoma, wanawake wawili wamekalia kiti cha Spika, Mama Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, na Dkt. Tulia Ackson kuanzia 2022 hadi 2025. Hayo yanajulikana, sina la kuongeza.

Basi gharama ni ipi? Maana ipo, na asiyeitaja hawatendei haki akina mama wenyewe.

Mlango ulifunguliwa upande mmoja. Mwanamke aliruhusiwa kuingia katika kazi ya mwanamume, lakini mwanamume hakuingia katika kazi ya mwanamke. Mama aliyekuwa na kazi moja nzito sasa ana mbili. Pitieni Soko la Job Ndugai asubuhi, muone ni nani amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya na mchicha. Kisha pitieni jioni vijiweni, muone ni nani amekaa. Siwasemi wanaume wote, maana ninawajua wengi wanaobeba familia zao kwa jasho la kweli. Lakini limezuka jambo jipya ambalo babu zetu wangeliona aibu: baba anayesema, “Si walitaka haki sawa? Na walipe.” Ameligeuza dai la mke wake kuwa likizo yake mwenyewe. Mwanamke alidai kuwa na kauli juu ya mali, akapewa madeni. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, na hilo ni jema. Lakini mikopo iliyoenea mitaani ni ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, marejesho ya kila siku au kila wiki, na mteja wake mkuu ni mama, kwa sababu mama hakimbii, ana watoto. Godoro huchukuliwa, mitungi ya gesi huchukuliwa, na wapo wanaokimbia nyumba zao kwa aibu.

Mama mwenye ajira rasmi amelindwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na muda wa kunyonyesha. Baba hupewa siku 3. Namba hizo mbili, 84 na 3, zinasema wazi ni nani anayetarajiwa kulea. Na wanaopata hizo 84 ni wachache. Mama wa sokoni hana likizo. Anarudi kwenye meza yake mtoto akiwa na wiki tatu, amemlaza katika boksi la sabuni chini ya meza. Papa Yohane Paulo II aliandika juu ya jambo hili mwaka 1981 katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu. Alisema mshahara wa haki ni ule unaotosha kutunza familia, au sivyo iwepo ruzuku kwa mama anayejitoa kulea. Alitaka kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kulipia maendeleo yake kwa kuacha kile kilicho chake. Fundisho hilo halijaguswa na upande wowote. Wanaharakati wengi hawalitaki kwa sababu linamtaja mama nyumbani. Waajiri hawalitaki kwa sababu linataja fedha. Kwetu, kinacholikaribia kwa mbali ni ile ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, ambayo kwa sehemu kubwa hupokelewa na akina mama.

Na yupo mwingine aliyelipa, ambaye hatajwi katika hotuba. Nani alibaki na mtoto pale mama msomi alipokwenda ofisini? Binti wa kazi. Na binti huyo, kwa miaka mingi, ametoka Dodoma, Singida na Iringa. Ni mtoto wa Mpwapwa au wa Bahi aliyemaliza darasa la saba, au hakumaliza, akachukuliwa na “shangazi” wa mbali kwenda Dar es Salaam. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na mnajua wenyewe ni wangapi walioipata kamili. Tangu serikali ilipohamia kwetu, kuanzia 2016, binti hahitaji tena kwenda Dar es Salaam. Waajiri wamemfuata nyumbani. Wengine wako hapa Nzuguni, na baadhi yao hawaji Misa ya Jumapili, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya kufua. Mwanamke mmoja alipanda ngazi, mwingine akaishika. Sioni kuwa hilo ndilo walilolidai Bi Hawa na Holaria Pastory.

Tena kuna gharama ya heshima. Zamani msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, na kwa miaka mingi, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu arudi katika shule za kawaida, mlango huo ulifungwa kwake huku kijana aliyempa mimba, kama alikuwa mwanafunzi, mara nyingi akibaki darasani. Wapo waliodhani ukali ule ulilinda maadili. Ulilinda siri, na siri ya mimba, kwa binti mwenye hofu, mara nyingi huishia kwa mtu mwenye mizizi au vidonge, na watu wawili huangamia. Nilifurahi uliporuhusiwa urudi wake. Lakini upande wa pili nasikia dada zetu waliosoma wakimwambia mwenzao mwenye watoto wanne kwamba amejipotezea maisha. Yule anapewa pole kama mgonjwa. Wapendwa, mwanamke asiyeweza kusema bila aibu kwamba anapenda kulea watoto wake hajakombolewa zaidi ya yule aliyelazimishwa kulea. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1983 kwamba kazi hiyo ni kazi. Sasa linasemwa tena “niko nyumbani tu”, safari hii na wanawake kwa wanawake.

Nilisema nitarudi kwenye ardhi. Nzuguni ya wazee ilikuwa mashamba ya mtama na uwele kando ya barabara ya Morogoro. Leo ni viwanja. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012 na 765,179 katika ile ya 2022, na kila mmoja anatafuta pa kujenga. Kiwanja kinanunuliwa kwa mshahara wa mume, kwa marejesho ya kikundi cha mke, kwa mahindi yaliyouzwa, kwa mbuzi wa mama mkwe. Kisha hati inatoka na jina moja. Mume akifa, ndugu wanakuja na tamko la 1963 vichwani mwao hata kama hawajawahi kulisoma. Mwaka hadi mwaka ofisi yangu hupokea wajane wa namna hiyo, na wengi wao walifunga ndoa takatifu mbele ya altare, wakiwa na mashahidi na cheti.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu hati iandikwe majina ya mume na mke pamoja, na anayeishi akabaki na haki yake bila kwenda kwa Jaji wa Mwanza. Yule mwanamke wa Mithali, sura ya 31, ambaye sote tunamsifu kwenye mazishi ya mama zetu, aliangalia shamba akalinunua. Nawaomba viongozi wa UWAKA walijadili hili katika kikao chao kijacho, bila kuwaachia WAWATA peke yao. Nami katika mafundisho ya ndoa hapa parokiani nitawauliza wachumba kiwanja chao kitaandikwa majina ya nani, kabla hatujafika kwenye habari za kamati, ukumbi na rangi ya sare.